Kibodo Si Kimalayalam, Mama

Euless, Texas
11 Februari 2019

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na lile goti limeanza kukuachia ulale. Mdogo wangu Faustine ameniambia mahindi yametoka vizuri na kwamba ng'ombe mwekundu amezaa, nimefurahi. Mwili wangu ni mzima, na kazi ya uwanja wa ndege inaendelea. Ila moyo unachemka, Mama, na sitaki kukuficha: nina hasira. Simu zangu hupokei wiki ya tatu sasa, ndiyo maana nimempa rafiki yangu Angel barua hii, maana kesho anasafiri kuja Arusha. Nakuomba uisome yote kabla hujaichana.

Najua kaka yako, Mjomba Kalisti, alikupigia. Alikuambia kwamba baba yake Bijit alikuja kuleta posa akakaa kimya mwanzo hadi mwisho, kwa sababu Wahindi wanaringa na wanatudharau sisi weusi. Nawe ukasema basi, ndoa hiyo haipo. Mama, kimya kilikuwepo kweli. Lakini aliyekileta ni Mjomba.

Bijit ni Mbodo. Kwao ni Assam, kaskazini-mashariki ya India, chini ya milima ya Bhutan. Baba yake, Mzee Narzary, anajua Kibodo na Kiassam, zaidi ya hapo hana. Tulimwambia Mjomba mapema, akajibu kwamba tusijali, hiyo ata-handle mwenyewe. Bijit akajitolea kumtafsiria baba yake. Mjomba akang'aka kwamba kwetu kijana hafungui mdomo kwenye posa yake, na binti hukaa chumbani mpaka aitwe. Sikubishana naye, ndivyo mlivyotulea.

Jumamosi hiyo ya posa akaja kutoka Houston, na kwenye gari kampakia Mzee Kuriakose, wanayesali naye kanisa moja. Huyu ni mtu wa Kerala, kusini kabisa ya India, kando ya bahari, na lugha yake ni Kimalayalam. Hata hakuambiwa kwamba anakuja kutafsiri. Aliambiwa kuna shughuli ya kifamilia na atamkuta Mhindi mwenzake.

Nikiwa chumbani nikamsikia Mjomba akimhimiza aongee na mwenzake. Mzee Kuriakose akasalimia kwa Kimalayalam. Kimya. Akajaribu Kihindi cha shuleni, ambacho mwenyewe alikiri amekisahau. Kimya. Akamweleza Mjomba kwa Kiingereza, tena kwa adabu, kwamba na yeye hapo anahitaji mkalimani. Mjomba akacheka, akamwambia atumie maneno mepesi mepesi, kwani lugha si ni moja, zinapishana lafudhi tu.

Lafudhi! Mama, maji kwa Kimalayalam ni vellam, kwa Kibodo ni dwi. Wali kule ni choru, huku ni wngkham. Kimalayalam ni ndugu wa Kitamil. Ndugu zake Kibodo wako upande wa Burma na Tibet. Na Kibodo ukipandisha sauti pasipotakiwa, umeshasema jambo jingine. Ni sawasawa na kumleta Mmakonde atafsiri Kiiraqw chetu kwa kuwa wote tuna pasi ya Tanzania. Wewe uliyechekwa soko la Arusha, ukaambiwa Kimbulu, ndivyo wanavyokiita, si lugha bali ni kukohoa, ungekubali?

Na ni Mjomba huyuhuyu! Kila harusi ya Watanzania hapa hutusimulia jinsi alivyoitwa kwenye kliniki moja ya Gulfton, huko kwake Houston, amtafsirie mama wa Kinaijeria, eti kwa sababu naye anaongea "African". Hutueleza alivyowaka na alivyowapa vidonge vyao, nasi tunampigia makofi. Nyani haoni kundule. Unisamehe, Mama, ni kaka yako, lakini ndivyo ilivyo. Kuuliza si ujinga, na wa kuulizwa, Bijit, alikuwa amekaa jirani yake, amefungwa mdomo.

Mzee Narzary alikuja na aronai, kitambaa chao cha shingoni kilichofumwa kwa mkono, ambacho humvisha mtu wanayemheshimu. Bijit anasema alikuwa amekishika mapajani, hajui amvishe nani wala aseme lini. Mjomba akatangaza kwamba mgeni amegoma kusema, kwa hiyo posa imekataliwa, kila mtu ale pilau aondoke.

Hapo ndipo alipokukatia habari. Yaliyofuata hakukuambia, nami nayakiri mwenyewe.

Nilitoka chumbani bila kuitwa. Nikapiga magoti mbele ya mzee nikamwamkia kwa Kibodo. Miaka miwili amekuwa akinifundisha kwa simu, nikikosea anacheka mpaka anapaliwa. Mjomba akafoka nirudi ndani. Sikurudi. Nikamwambia mzee aseme alichokuja kusema, nami nitakifikisha. Mjomba akatoka nje kwenda kuwasha gari.

Mzee alisema hakuja kuchukua binti wa mtu. Alikuja kumtafutia mwanawe mama, kwa kuwa wa kwake alimzika. Akasema wajukuu alionao Delhi humjibu kwa Kiingereza, naye hutabasamu kama aliyeelewa. Akaomba watakaozaliwa kwetu wajue Kibodo, angalau cha kumsalimia babu yao, na wajue pia lugha ya bibi yao, ambayo yeye hata jina lake halijui. Akaniuliza inaitwaje. Nikamwambia Kiiraqw. Akalirudia na kulirudia mpaka akalipatia.

Kisha akanivisha mimi ile aronai, nami nikaipokea posa. Peke yangu, Mama, bila wewe na bila Mjomba. Kama ni kosa, nilaumu mimi. Nilikuwa nalia na sikuona aibu.

Yuko hapa kwetu hadi mwezi ujao, na kila asubuhi huniuliza kama umejibu. Siwezi kukulazimisha ukubali. Ukikataa, umkatae kwa alichosema, usimkatae kwa kimya alichotiliwa mdomoni. Nakuomba umjibu mwenyewe, kwa Kiiraqw, kile kizito unachoongea ukiwa na Shangazi. Faustine akurekodi kwenye simu yake anitumie. Nitamgeuzia mzee kwa Kibodo neno kwa neno, hata kama neno lenyewe ni hapana. Katikati kisiingie Kiswahili, wala Kiingereza, wala Mjomba.

Nisalimie Shangazi na majirani wote, na Faustine umwambie viatu vyake anavyo Angel. Bijit anakuamkia. Mungu akutunze, na akulainishie goti na moyo.

Ni mimi binti yako,
Dorothea