Daktari wa Simu Anautaka Mgongo Wangu

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, ila kwanza naomba usinicheke, maana mimi ndiye mtu wa kuchekesha wenzangu na sijazoea kupokonywa kazi hiyo. Mimi ni kinyozi, mtu mzima mwenye wajukuu, na mtaa mzima wananiita Domo, eti mdomo wangu unafanya kazi kuliko mashine. Shule niliipitia dirishani, kwa hiyo ukiona herufi zimelala, ziache zipumzike.

Kunyoa nimenyoa. Nimenyoa mabwana harusi, nimenyoa jambazi na polisi anayemtafuta wakiwa wamekaa viti vya jirani na wote wakanishukuru, nimemnyoa mtu kalala akaamka analalamika kwamba nimempunguzia ndoto. Na ngozi yangu enzi hizo, mshauri, ungeweza kujitazama ukachana nywele, mbu walikuwa wanatua wanateleza. Sasa ngozi hiyohiyo ndiyo imenifanya nitembee kama kuku aliyenyeshewa.

Ilianza viwikoni, kiraka kikavu chenye magamba meupe, nikasema ni vumbi, kikahamia magotini, kikapanda nyuma ya masikio, halafu kikafika mgongoni kikatandika mkeka kabisa, kinawasha, ukikikuna magamba yanadondoka kama unga wa kinu, na mimi kazi yangu ni kumshika mtu kichwa, sasa nani atakubali kushikwa na mtu anayepukutika, basi nikawa navaa shati la mikono mirefu kwenye kibanda cha bati, jua kali, nimefunga mpaka kifungo cha shingo. Wateja wakiona kipande cha kiwiko nawatungia. Mmoja nilimwambia niliungua nikimtoa jirani kwenye moto, mwingine nikamwambia niliburuzwa na pikipiki nikimkimbiza mwizi, siku moja hao wawili wakakutana kwenye benchi wanasubiri zamu, wakaanza kunisifu, kila mmoja kwa ushujaa niliomsimulia yeye, nikawaambia yote mawili ni kweli, mwizi ndiye aliyechoma ile nyumba. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi nikaingia nyuma ya pazia nikajifuta uso, na halikuwa jasho.

Nyumbani ndiyo usiseme. Mke wangu nimemficha. Naoga nimeweka komeo, nalala na shati, akinigusa begani naruka kama nimeguswa na waya. Yeye haulizi sana, ila ana vituko vyake, kabadilisha sabuni ya kufulia bila kuniuliza, ya sasa haina harufu hata kidogo, na mashati yangu anayasuuza na kuyasuuza tena mpaka nikamwambia atayamaliza.

Binti yangu mkubwa, anayeishi mbali, alipokuja kututembelea aliniona kiwiko. Hakuamini habari ya moto wala ya pikipiki, ni damu yangu, hadithi zangu anazijua. Akaniunganisha na daktari wa ngozi wa kwenye simu, yuko mji mwingine, unapiga picha unatuma, unajibu maswali, anakuandikia dawa unaichukua duka la dawa. Nilibisha. Nikamwambia mimi siwezi kumnyoa mtu kwa simu, yeye ataniponyaje. Lakini ukweli usemwe, yule dada daktari ni mtu. Aliniambia huu ugonjwa unaitwa soriasisi, jina kama la mke wa mfalme, akanipa dawa ya kupaka, viwiko vikatulia.

Kisha akataka picha ya mgongo. Akasema mchana, kwenye mwanga, bila mafuta wala chochote juu yake.

Mshauri, mtu hatoki kwenye kiti changu hajafutwa, hajapakwa poda, hajaoneshwa kisogo kwa kioo. Ni mkono tu umezoea, siwezi kumwacha mtu ovyoovyo, sasa nitajiachaje mimi. Nilifunga kibanda mchana, nikachukua brashi yenye mpini mrefu nikajisugua mpaka magamba yote yakaanguka, nikajipaka mafuta, nikapiga poda juu, nikageukia kioo kikubwa na kioo cha mkononi nikapiga picha ule upande wenye afadhali. Picha ilitoka nzuri, ungedhani ni bwana harusi kapigwa kwa nyuma. Daktari akanipongeza, akasema mgongo umetulia kuliko alivyotegemea, nipunguze dawa. Akauliza nani ananipaka kule ambako mkono haufiki. Nikamjibu mke wangu, asubuhi na jioni, huku ananiimbia. Kumbe mimi najipaka kwa kitambaa nilichofunga kwenye mpini wa ile brashi, nusu ya dawa inaishia kwenye shati.

Nilipopunguza dawa mgongo ukalipuka. Shati linanata, nikilivua linaondoka na ngozi. Na vidole siku hizi vinaamka vimevimba kama ndizi, mpaka jua lipande ndiyo vinakubali kushika mashine, lakini huo ni uzee tu, daktari aliniuliza habari ya viungo nikamwambia mimi ni chuma.

Sasa juzi nikaona nitumie picha nyingine, ya kweli kidogo. Daktari akanijibu hivi: "Baba, picha hii na maelezo yako ya nyuma havipatani. Ijumaa mchana tuonane kwa video, ukiwa na mama. Nataka nione anavyokupaka."

Na huyo mama mwenyewe ndiyo wiki hiyohiyo kahama chumba. Hakupiga kelele. Alichukua mto wake akasema, "Mimi si mgeni humu ndani. Siku utakayonikumbuka, nipo chumba cha pili." Najua tu ameshaona, na amechukizwa, nani alale na mtu anayemwaga magamba kama samaki.

Sasa nimewaza nimwambie daktari simu yangu imekufa jicho, haioni video. Au kuna mama fundi cherehani jirani na kibanda changu, mcheshi, hana neno, akae pembeni yangu ajifanye ndiye mke wangu anipake kidogo, Ijumaa ipite. Au nimwoneshe mke wangu. Hilo la tatu nimelijaribu. Nimekwenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha pili, mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema, nikasimama, nikakosa, nikarudi. Naona aibu, mshauri. Naona aibu mpaka naona aibu ya kuona aibu. Nishauri.

Ni mimi, Domo wa kibanda cha bati.

MSHAURI ANAJIBU

Baba Kinyozi,

Nimecheka. Uliniomba nisicheke, lakini ukamleta yule mwizi aliyechoma nyumba, lawama ni yako. Nilipofika kwenye ule mlango nikaacha kucheka.

Tuanze na daktari. Daktari wa simu hana macho mengine isipokuwa yale unayomwazima, na wewe ukamwazima macho yaliyopakwa poda. Alikupa ushauri mzuri kabisa kwa mgongo ambao huna. Sasa usimlaumu yeye, na usianze kujirudishia dawa kwa kipimo cha kichwani mwako. Waganga wa kubahatisha umewanyoa wangapi, nawe unataka kuwa mmoja wao? Mwandikie leo. Mwambie ile picha ya kwanza ya mgongo uliipamba, ulijisugua, ulijipaka mafuta, na hakuna anayekupaka dawa. Hatakuzomea. Kazi yake ni kutazama ngozi za watu wanaozionea aibu, hukuwa wa kwanza kumdanganya. Na brashi iweke kando. Kusugua magamba ni kuukaribisha ugonjwa uketi.

Halafu kuna jambo umelipitisha katikati ya mzaha kama mtu anayepitisha kuku chini ya koti. Vidole vyako. Vinavimba asubuhi, vinagoma kushika mashine, nawe unasema uzee. Ugonjwa huu wa ngozi kwa baadhi ya watu huingia kwenye viungo, ndiyo maana daktari alikuuliza. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwako, mimi si daktari. Nasema vidole ndivyo vinavyokulisha, na umemficha mtu pekee anayeweza kukuambia kama viko hatarini. Hilo liandike mwanzo kabisa wa ujumbe wako, kabla ya mgongo, kabla ya salamu ukipenda.

Mama fundi cherehani mwache na cherehani yake. Mkeo akisikia kwamba mwanamke wa jirani aliuona mgongo ambao yeye amenyimwa, hakuna video itakayokuokoa. Na hiyo simu iliyokufa jicho, Ijumaa itapita, na mgongo utabaki nao.

Sasa mkeo. Baba, nani anafua shuka zenu? Unasema unapukutika kama unga wa kinu. Unga huo unadhani unaondoka wenyewe kitandani? Shati linalotoka na ngozi, doa lake analitoa nani? Mama wa watu ametafuta sabuni isiyo na harufu, anasuuza mashati yako mpaka hakuna povu linalobaki la kukuwasha, nawe unaviita vituko. Mwanamke aliyechukizwa nawe hafanyi hivyo. Anakutupia shati ulifue mwenyewe.

Amekuuguza kimyakimya muda wote huu, kwa sababu wewe ulitaka iwe kimya. Alivumilia magamba. Alichoshindwa kuvumilia ni komeo. Kila ulipolisukuma lile komeo ulikuwa unamwambia kwamba anaweza kukufulia lakini hawezi kukujua. Soma tena maneno aliyokuambia. Hakusema anaondoka. Amekuambia alipo.

Ugonjwa huu hauambukizi, kwa hiyo usijifiche nyuma ya kisingizio kwamba unamlinda yeye au wateja wako. Na mara nyingi hauishi moja kwa moja, unatulizwa, unarudi, unatulizwa tena. Maana yake utahitaji mkono wa mtu mwingine mgongoni mwako kwa miaka, na mpini wa brashi hauna macho ya kukuambia wapi pamezidi na wapi pamepungua.

Usingoje Ijumaa yenyewe. Nenda kesho mchana, mkiwa peke yenu. Usiende na hadithi, najua utaanza kuitunga njiani. Gonga mlango, na ukifunguliwa sema umemficha, umekosea, na unaomba akutazame mgongo. Yatoshe. Kisha vua shati. Akilia, mwache alie, usimchekeshe. Akikusema, kaa chini usemwe mpaka amalize, maana ni haki yake kwa miezi yote uliyomficha. Akinyamaza, mpe dawa mkononi.

Na Ijumaa mpe yeye simu aishike. Daktari akimuuliza swali, ajibu yeye, hata pale jibu lake litakapopingana na uliyosema wewe. Wewe kaa kwenye mwanga.