Mbwa wa Mjomba Hapatani na Mbwa wa Balozi

Shangazi Marsela mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, maana nilipofika nimekwama, na watu wa kijiji wamenichoka mpaka wengine wakiniona wanabadilisha njia.

Mimi ni mke wa Telesphor, tunalima mpunga na mahindi hapa Mamba, Mpanda, na shida yangu si mume kama wengine wanaokuandikia, mume wangu hana neno, shida yangu ni mbwa, na kama unacheka cheka tu lakini usiitupe barua yangu. Mbwa huyu anaitwa Kamanda, alikuwa wa mjomba wangu Bartolomeo, mwindaji, aliyekuwa akiishi peke yake kule karibu na pori na gobore lake, sasa mjomba macho yamefifia, mwanawe akamchukua akakae naye Majengo, Mpanda mjini, na mkamwana akasema mzee karibu sana lakini mbwa hapana, ndipo mjomba akaniletea Kamanda kwa kamba, akaniambia kwa Kipimbwe, lugha yetu, huyu ni mwanangu, asife kifo kibaya, nami nikamwahidi, na mjomba alipoondoka alikuwa analia, mtu mzima na ndevu zake.

Shangazi, shambani mbwa huyu hana mfano. Mwaka wa jana nyani walituachia mabua matupu, mwaka huu hata nguruwe wa porini wanapita kwa mbali, mpaka Telesphor anasema Kamanda apewe jembe naye ahesabiwe kwenye kazi za ujamaa. Nyumbani ni mpole, kuku wanampanda mgongoni. Shida ni mbwa wenzake, kwa sababu tangu tuhamie kijijini nyumba zimepangwa mstari, mlango kwa mlango, na kila nyumba ina mbwa, siyo kama zamani ambapo mbwa wa mwenzio ulimsikia tu akibweka ng'ambo ya mto.

Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Melkiadi, ana mbwa anaitwa Jirani, na nikisema Jirani ujue ni mbwa, si mtu. Siku ya kwanza tulikutana naye njiani, Jirani anakuja anatikisa mkia, Kamanda ametulia, mimi kwa kuwa ni mwoga nikawahi kupiga kelele kabla hawajafikiana, jamani shikeni mbwa wenu, shika, shika, na kabla sijamaliza Kamanda ameshamrukia mwenzake. Tangu hapo nikiona mbwa hata kwa mbali nawahi kupiga kelele, na kadiri ninavyowahi ndivyo mambo yanavyoharibika. Halafu ikaja ile Jumapili tumetoka kanisani, Kamanda amelala miguuni pangu kama gunia, mzee Melkiadi akapita na Jirani wake, nikapiga goti nikamwamkia vizuri, shikamoo mzee, na mbwa akanivuka kichwani akaenda kumng'ata Jirani sikio mbele ya wakristo wote. Mzee Melkiadi hajaitikia ile salamu mpaka leo.

Kinachonichanganya zaidi ni mama mkwe wangu, Bibi Kasilda, ambaye Kiswahili hakijui, anasema Kipimbwe tu, maana yeye anakwenda mtoni na Kamanda, wanapita katikati ya mbwa wote wa kijiji na wanarudi salama. Watu wanasema ana dawa. Nami, Shangazi, nilipekua mtungi wake nikiitafuta hiyo dawa, akanikuta, akaniuliza mwanangu umepoteza nini. Nimemfunga mbwa mnyororo, akalia mchana kutwa na nyani wakaingia shamba. Nimemchapa fimbo, akawa mkali zaidi. Nimemwomba katekista Gelasius amwombee, akaniambia, "Dada, mimi nafundisha watu, na hao tu wananishinda."

Sasa kamati ya kijiji imesema mbwa mwingine akiumizwa, mgambo atampiga Kamanda risasi. Mkutano ni baada ya mavuno, na mavuno hayo hayo ndiyo mjomba anakuja kula mpunga mpya na kumwona Kamanda, mwanawe, maana mbwa huyu alilelewa na mjomba tangu hajafungua macho, amezoea Kipimbwe chake, hata kuitwa kula aliitwa kwa Kipimbwe, isipokuwa wakiwa porini, maana uwindaji mjomba alifundishwa na bwana mmoja wa huko Tabora, kwa hiyo kumtuma mbwa kwa mnyama alikuwa anamtuma kwa Kiswahili. Nikimwambia mjomba kwamba mbwa wake amepigwa risasi kama mwizi nitaweka wapi uso wangu? Nimrudishe porini, nimpe mtu wa mbali, au kweli mbwa huyu ana roho mbaya?

Wako,
Hilaria wa Telesphor, Mamba.

*

Hilaria, marahaba. Nafurahi umeniamkia kwa barua, maana ungeniamkia ana kwa ana mbele ya Kamanda, mbwa wangu angekuwa na sikio moja.

Nimecheka, ulinipa ruhusa. Lakini nimeisoma barua yako mara ya pili bila kucheka, kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe halafu ukalipita. Mimi naishi huku Tabora ambako yule bwana alitokea. Kila kiangazi nawasikia wawindaji wetu wakipita na mbwa wao, na neno wanalotumia kuwatuma wamkimbilie mnyama ni moja tu: shika. Sasa rudia kusoma barua yako. Njiani ulisema nini? Mlipotoka kanisani ulimwamkiaje mzee Melkiadi?

Mbwa wako hana roho mbaya, mama. Kiswahili chote anachokijua ni neno moja, nawe unamfokea neno hilo kutwa nzima. Huko alikokulia hakuna aliyesema shikamoo, watu waliamkiana kwa lugha yao. Leo mmekusanyika makabila mbalimbali, salamu ya heshima ni hiyo, na kila anayeamkia mkubwa anamtuma Kamanda vitani. Wewe unamwambia shika, anashika, halafu unamchapa kwa kushika. Ingekuwa mimi ningekung'ata wewe. Na Bibi Kasilda dawa yake ni kwamba hapigi kelele, na akisema anasema Kipimbwe. Nenda kamwombe radhi kwa ule mtungi leo hii, kabla hujamaliza kusoma gazeti.

Ukisharudi, nisikilize. Fimbo itupe jikoni ikapikie maharage. Mnyororo nao usiwe wa kutwa, lakini barabarani Kamanda atembee kwa kamba mpaka atakapohitimu, na kamba hiyo iwe legevu mkononi, kwa sababu ukiivuta kila unapoona mkia wa mwenzake unamwambia kwamba mkia huo ni hatari. Ukiogopa, nyamaza. Ukishindwa kunyamaza, imba. Ukitaka kumwita, mwite kwa Kipimbwe kama Bibi anavyomwita.

Hatuwezi kukiomba kijiji kizima kiache adabu kwa ajili ya mbwa, basi neno lenyewe tutalibadilisha maana. Pata dagaa wa ziwani, wafanyabiashara wa Karema hawakosi kuwaleta. Kaa naye uani, mbwa mwingine asiwepo, weka dagaa kiganjani, sema kwa upole, "Shika," umpe. Ndivyo tunavyosema hata sisi kwa sisi tukimpa mtu kitu mkononi, au siyo? Rudia mpaka ukisema shika anautazama mkono wako kabla ya kitu kingine chochote. Hapo mwambie Telesphor akuamkie shikamoo. Ndiyo, yeye akuamkie wewe, hatakufa, na mbwa apate dagaa wake.

Akiweza hayo, mtoe nje umwoneshe Jirani kwa mbali, mbali kabisa, pale anapomwona lakini manyoya ya shingo hayajasimama. Mpe dagaa, ongea naye, rudini nyumbani. Kesho sogea kidogo. Manyoya yakisimama umesogea mno, rudi nyuma bila kelele wala aibu. Usiwakutanishe pua kwa pua ili "wazoeane", huo ni ujinga ambao watu watakushauri kwa moyo mweupe. Wakianza kuvumiliana, tembea na mzee Melkiadi njia moja, mkielekea upande mmoja, nyinyi wawili katikati na kila mbwa upande wake wa nje. Chakula wasile pamoja kabisa. Na usitegemee wapendane. Wakipita njia moja kila mmoja na shughuli zake inatosha, mbona wewe na majirani zako wengine ndivyo mnavyoishi.

Lakini mzee Melkiadi hawezi kutembea nawe wakati sikio la mbwa wake bado linamuuma moyoni. Nenda kwake peke yako, Kamanda abaki nyumbani. Uliza habari za sikio, peleka chumvi ya kuliosha, umsomee barua hii yote, hata pale nilipokusema. Mwambie pia ukweli kwamba itachukua muda na unahitaji msaada wake, kwa sababu yeye ni balozi na sauti yake kwenye kamati ni nzito kuliko yangu gazetini. Halafu umwamkie upya, na usiondoke mpaka aitikie.

Porini usimrudishe, atarudi mwenyewe au ataliwa na fisi. Kumpa mtu wa mbali ni kumhamishia mwenzio ugomvi, maana huko nako watu wana adabu na wanaamkiana.

Siku ya mkutano, kama Kamanda ameshaelewa, nenda naye, kamba mkononi na dagaa kiganjani, usimame mbali kidogo na Jirani. Mwamkie mzee Melkiadi kwa sauti, kijiji kizima kisikie. Mbwa akiugeukia mkono wako badala ya kumgeukia mwenzake, mgambo atarudi nyumbani na bunduki yake. Na mjomba akija kula mpunga mpya, usimpokee kwa Kipimbwe. Mpokee kwa shikamoo, mbwa akiwa amekaa katikati yenu, aone mwanawe alivyojifunza adabu. Acha alie tena kama anataka. Akishafuta machozi, muulize taratibu kwa nini alikukabidhi mtoto bila kukwambia neno lake.

Shangazi Marsela