Prabhakar Sawardekar, Aliyemfukuza Mjane Kwenye Mvua

Umetimia mwaka, Baba, tangu asubuhi ile ya Julai ulipotutoka, mvua ikipiga madirisha yetu ya Dadar na barabara imejaa maji hadi magotini. Watu walikuja kukusindikiza wamekunja suruali. Mama alisema ungewaona ungecheka.

Magazeti yalikuandika mistari michache: mwigizaji mkongwe wa filamu za Kihindi, bingwa wa wenye nyumba wakatili, mawakili wala rushwa na wajomba wenye roho mbaya. Sawa. Lakini hayakusema kwamba ulianza ukiwa karani wa kiwanda cha nguo pale Parel, ukiigiza na wenzako kila sikukuu ya Ganapati, mpaka mtengeneza filamu mmoja akaziona nyusi zako akasema, "Huyu hata akiwaombea watu heri, watakimbia." Ulirudi nyumbani siku hiyo umefurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Tunakumbuka ulivyokariri maneno yako ndani ya treni ya kwenda studio za Goregaon, ukinong'ona peke yako, "Nitakuzika ungali hai," na abiria wakijisogeza kidogo kidogo mpaka ukapata pa kukaa.

Tunakumbuka mikono yako. Kwenye filamu iliwapiga makofi wasichana wengi sana, lakini kila mmoja ulimwita kando kwanza. "Mwanangu, wewe geuza shingo, mkono wangu utafuata. Ukichelewa, nitasimama." Hakuna shavu hata moja uliloligusa. Baadhi yao walipokuwa nyota wakubwa walikuja nyumbani kuinama miguuni pako, na wewe ukawauliza tu kama wameshakula.

Aliyezibeba dhambi zako ni Mama. Baada ya ile filamu ambamo ulimtoa mjane na watoto wake nje mvua ikinyesha, wanawake wa soko la samaki walimwandama.

"Vimal, mwambie mumeo amrudishie yule mama nyumba yake!"

"Jamani, ni filamu."

"Filamu gani? Si tumemwona kwa macho yetu? Samaki sikuuzii."

Alirudi na kikapu kitupu, akakuwekea wali na chumvi. Ulikula, kisha ukamwambia kwamba hiyo ndiyo tuzo uliyokuwa ukiingoja.

Ila ilipofika posa ya Ketaki, mambo hayakuwa ya kucheka tena. Shrirang alimpenda binti yako, baba yake alikubali, kila kitu kilikuwa tayari, ila bibi yake aliyemlea, Bibi Godavari, akakataa katakata. Mjukuu wake haoi nyumbani kwa mtu yule. Ketaki alilia siku nzima. Ukavaa shati jeupe, ukawachukua yeye na Mama, mkaenda Thane kwa huyo bibi.

Hakuwakaribisha hata maji.

"Wewe!" alisema. "Mjane wa watu, na watoto wake, kwenye mvua kama ile?"

"Bibi, ile mvua ilitoka kwenye mpira wa maji. Na yule mjane alikuwa na dereva anamngoja. Mimi ndiye niliyerudi kwa treni nimelowa chapachapa."

Shrirang alicheka. Bibi Godavari hakucheka.

"Mimi sikuwa na dereva," alisema.

Hapo ndipo mlipojua. Mumewe alipokufa, shemeji yake alimtoa ndani ya nyumba, mtoto mgongoni, na mvua yake haikuwa ya mpira. Alikutazama kwa muda mrefu, Baba, na wewe ukainamisha kichwa.

"Shemeji alisimama mlangoni vilevile kama wewe," aliendelea. "Mikono nyuma, kama mtu anayeangalia shamba lake. Hakupiga kelele. Wabaya wote wa sinema wanapiga kelele, wewe hukupiga. Nani alikufundisha kusimama vile?"

Ketaki anasema alidhani utatoa utani mwingine.

"Baba yangu mkubwa," ukasema. "Kule Ratnagiri. Nilikuwa nimeshika nguo ya mama yangu."

Hata Mama hakuwa akilijua jambo hilo. Miaka yote mliyoishi pamoja ulimwambia kwamba nyumba yenu ya Ratnagiri ilibomolewa na mafuriko.

"Basi unavaa sura yake?" aliuliza Bibi Godavari.

"Naivaa watu waione, Bibi. Waione vizuri. Mama yangu alipolisimulia jambo lile hakuna aliyemwamini, kwa sababu mzee yule alikuwa mtu wa sala na sauti yake ilikuwa ya upole."

Bibi alijifuta uso kwa ncha ya sari. Kisha akamgeukia Ketaki, akamwita kwa jina kwa mara ya kwanza.

"Ketaki, maji yamo kwenye mtungi pale. Mpe baba yako anywe, ametoka mbali."

Tangu siku hiyo mpaka alipofariki, hakuna sikukuu ya Diwali iliyopita bila yeye kukuletea vitamu, na alikataa mtu yeyote akutukane mbele yake.

Baadaye wabaya wa filamu wakawa vijana wazuri wenye vifua vipana, na simu zako zikapungua. Ulikuwa unanyoa ndevu kila asubuhi, huenda kazi ikatokea. Hukulalamika. Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo, kwamba hukulalamika, nasi tukadhani umeridhika.

Mwaka huu Mama ametazama kila filamu yako tuliyoweza kuipata. Tulidhani anataka kuuona uso wako. Siku moja akamwambia Ketaki, "Sauti yake imejaa humu, lakini anawaita wengine tu." Kama ilivyo kwa watu wa rika lenu, mbele yetu ulimwita "Mama Ketaki". Jina lake, Vimal, ulilitamka mkiwa wawili tu, na tangu uondoke hakuna tena anayelitamka vile.

Mwezi uliopita Ketaki aliipata filamu moja iliyokaa kwenye majumba ya sinema wiki moja tu, ambayo hata Mama hakuwahi kuiona. Wewe ni tajiri katili, umesimama juu ya ngazi, unamfokea mtumishi: "Vimal! Vimal! Chai yangu iko wapi?" Ketaki aliona aibu, akataka kuizima. Mama akamshika mkono. Akaomba irudishwe nyuma. Akaomba tena. Mara ya tatu akainuka, akaingia jikoni, tukasikia anajaza maji kwenye birika.

"Naja," alisema. "Usipige kelele, majirani wanasikia."

Unakumbukwa na mkeo Vimal, binti yako Ketaki na mkweo Shrirang, wajukuu zako Mukta na Advait, ndugu wa Dadar na Thane, na wote uliowahi kuwatisha.

Kila siku tuna hamu nawe, Baba. Hutatutoka moyoni.