Mutu Aliyesoma Damu ya Yaya

Mujukuu wangu Mireille,

Huku Dilala tuko bazima. Kaka yako ameanguka. Pikipiki ilivunjika, yeye hapana. Ni damu yangu ile!

Umeandika kwamba huko labo munapima damu na maji ya jicho, munajua mapema kama sukari itaharibu macho. Mi nilifikiri ni machozi, nikaanza kukujazia chupa; kumbe ni maji ya ndani ya jicho. Halafu ukauliza kwa nini nkambo yako Jeanne, yaya yangu, dada yangu mukubwa, alipofuka. Hasira ingali mupya.

Tulikuwa na Tata Kalala, mupimaji wa labo. Alipima damu ya yaya, akasema: "Mama, leo unaona vizuri, lakini sukari ya damu hii inatishia macho yako. Urudi kila mwezi."

Ule mwaka wa kufukuza batu ya kabila ingine huku kwetu, wakamupeleka Tata Kalala na batoto yake gare, kwenye kituo cha treni, eti wazazi yake ni batu ya Kasai. Yaya alimufuata mupaka kwenye treni, akamunyooshea kidole kilichozoea sindano: "Tata, sasa nani atanisoma?"

"Mama, uulize hawa banaonifukuza."

Labo ikafungwa. Macho ya yaya yakafuata.

Na mi, niliyesimamisha treni ya Lubudi kwa mukono moja (uliza mutu yoyote!), ile siku nilibeba tu valizi ya Tata Kalala, sanduku yake ya safari, nikaipandisha ndani ya treni.

Mutu aliyejua kusoma damu, wakamufukuza kwa sababu ya damu yake! Mireille, wakikuletea damu, tafuta sukari ndani. Kabila usitafute.

Mi nkambo yako,
Zéphyrin