Ndoo Iliyorudi Tupu

Soweto, Moshi
9 Februari 2025

Mpendwa Wifi Flavia,

Shikamoo wifi yangu wa Dar. Joto linasemaje? Sisi huku wazima, ila uzima wenyewe ni wa kuibia. Davis ana mafua, Evelyn anaota jino la kwanza, na mimi nalala kama mlinzi, jicho moja. Mama huko Kibosho anaendelea, magoti tu ndiyo yamegoma kushuka mlima, kwa hiyo salamu zake anazituma kwa maziwa.

Ndoo hii ya mfuniko wa buluu unaijua. Ndani kuna ndizi mshare za supu ya mtori, maparachichi, na chupa ya maziwa mgando niliyoifunga kwa mifuko mpaka haipumui. Ukiikuta imemwagika, mlaumu kondakta wa basi.

Wifi, sijasahau. Nilipojifungua Davis, Mama alikuwa amelazwa kwa hayo magoti, ukachukua likizo yako yote ukaja kunilea. Kapteni mzima, koti lako umelitundika kwenye msumari wa jikoni, unachochea moto huku unakohoa, na bado unapata pumzi ya kunitania kwamba Wamachame tunakunywa mtori kama tunalipwa. Kila nikimwangalia Davis alivyonenepa nasema asante.

Sasa nije kwenye jambo. Mume wangu Ronald hajui kama nakuandikia. Nimeshika kalamu kwa sababu maneno ya marubani siku hizi yakiingia kwenye simu yanapigwa picha, jioni yapo kwenye kila kundi. Wanasema mashirika ya ndege, Njiwa yake na Kipanga yenu, yakishaungana, marubani wote watapangwa kwenye orodha moja, mkubwa hadi mdogo kazini, na hiyo ndiyo itakayoamua nani kapteni, nani msaidizi, nani analipwa nini na nani anakaa kituo gani. Ronald ni kapteni, ndege yake inalala hapa uwanjani KIA, kwa hiyo na yeye analala nyumbani. Akishushwa, atapelekwa Mtwara. Mimi na watoto wawili hapa, yeye Mtwara? Nitakuwa mjane mwenye mume.

Wewe ndiye mwenyekiti wa marubani wa Kipanga. Siombi mengi. Ukiingia kwenye kile kikao, mkumbuke mdogo wako.

Wifi yako,
Mama Davis


Tabata, Dar es Salaam
17 Februari 2025

Wifi yangu,

Marahaba sana. Maziwa yamefika salama na kondakta anakusalimu. Mtori niliupika nikaita majirani. Wakauliza ndizi hizi nazitoa wapi, nikawaambia nimefuga wifi Moshi. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika kwa kukaa. Mpe Davis pole, na hilo jino jipya uliambie lije polepole. Ndoo inarudi na korosho, nazi, na kanga ya kumbebea Evelyn.

Kuhusu Ronald nitakwambia kweli, maana wewe si mtu wa kudanganywa. Njiwa ni shirika changa, vijana wake walipanda upesi. Ronald alipata ukapteni baada ya miaka minne tu. Kwetu kuna watu wana miaka tisa, bado wasaidizi, wanangoja kiti kiwe wazi. Ronald anaanza shule ya urubani, wao walikuwa angani tayari. Sasa Njiwa wanataka orodha ifuate cheo, kila kapteni akae juu ya kila msaidizi. Watu wangu wanataka ifuate siku mtu alipoanza kazi. Mimi nimechaguliwa na hao. Nikiingia kwenye kile chumba nikiwa dada wa mtu, bora nisiingie.

Mdogo wangu nitamkumbuka nikishatoka nje. Usinichukie. Na kama ni lazima, nichukie kidogo, mtori uendelee.

Wifi yako mkorofi,
Flavia


Soweto, Moshi
28 Machi 2025

Flavia,

Habari za huko. Sisi wazima.

Tumesikia. Orodha imefuata siku ya kuanza kazi. Ronald amewekwa nyuma ya watu wa Kipanga ambao hawajakaa kiti cha kushoto, cha kapteni, hata siku moja. Anarudi kiti cha kulia, cha msaidizi, na mwezi wa tano anahamia Mtwara. Aliniambia huku anamfunga Davis kamba za viatu, hakuinua uso. Nikamuuliza, "Na dada yako alisema nini?" Akasema, "Dada ndiye aliyeleta lile pendekezo." Akamaliza kufunga, akamwambia mtoto, haya kimbia.

Kwetu Machame, na kwenu Kibosho pia, chombo kilicholeta chakula hakirudi kitupu. Mtu asiye na kitu ataweka hata chumvi. Ndoo hii hapa. Usihangaike kutafuta chini ya gazeti, hakuna kitu. Nimeiosha, nimeikausha, nimeituma.

Mke wa Ronald


Tabata
4 Aprili 2025

Wifi,

Ndoo imefika. Nimeiweka juu ya friji, naiona kila nikifungua maji ya kunywa. Sitaitia kitu mpaka uiombe mwenyewe, maana nikiijaza sasa itaonekana nanunua msamaha. Wabusu watoto. Na wewe kula, usile makombo ya Davis ukasema umekula.

Wifi yako bado,
Flavia


Soweto, Moshi
20 Julai 2025

Wifi Flavia,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ile ya Machi sikuiandika, na Mama ameniambia barua isiyo na shikamoo ni sawa na kuingia nyumba ya watu bila hodi. Hujambo? Mgongo je? Huku baridi imetukalia, mlima umejifunika wiki nzima. Evelyn anatambaa na anauma. Davis kila akiona mtu kavaa shati jeupe anamuuliza kama anatoka Mtwara. Na mimi nipo. Nimechoka mpaka juzi nilitia majani ya chai kwenye uji, na tukaunywa.

Sikukujibu mwezi wa nne kwa sababu sikutaka. Leo nataka.

Ijumaa mchana nilikuwa uani nafua, nikasikia hodi. Mwanamke amenizidi umri kidogo, mfuko wa mikate mkononi, na begani mistari minne ya ukapteni, mipya, bado inang'aa.

"Naitwa Elifuraha," akasema. "Natokea Kipanga ile ya zamani. Mimi ndiye niliyekaa kiti cha mumeo hapa KIA. Nimeona nije unione uso, usije ukawa unanichukia hewani."

Nikamwambia, "Kukuchukia nimeshaanza. Karibu ndani."

Alicheka, mimi sikucheka. Nikampa kigoda, nikaendelea kufua. Akaangalia lile beseni la nepi, akakunja mikono ya shati, akaanza kusuuza. Nikamwambia aache, atalowesha mistari yake. "Mistari hii nimeingoja miaka tisa," akasema, "haitakufa kwa maji ya sabuni."

Tukiwa tunaanika akanisimulia. Mimba ya kwanza alishushwa kwenye ndege kama taratibu zinavyotaka, akawekwa ofisini. Aliporudi angani akakuta kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe ameshakuwa kapteni. Mimba ya pili, hivyo hivyo. Kila akizaa, foleni inampita. "Orodha ingefuata cheo," akasema, "ningebaki nyuma ya mumeo kwa kosa la kuitwa mama. Ilipofuata siku niliyoanza kazi, hakuna aliyenidai uzazi wangu."

Wifi, nilikuwa nimeshika nepi ya Evelyn. Nilibaki nayo mkononi mpaka maji yakanichuruzikia miguuni.

Nikamuuliza kikao kilikuwaje, maana naye alikuwemo. Akasema mtu mmoja wa Njiwa alisimama akakuuliza, "Kapteni Flavia, huyu Ronald unayemshusha si ndugu yako?" Nawe ukamjibu, "Ni wa tumbo moja na mimi, na mke wake ni Mmachame, na wanawake wa Machame hawachezewi. Kwa hiyo kama mnataka kujua kama nimefikiri, nimefikiri sana." Watu wakacheka mpaka mwenye kikao akagonga meza.

Halafu akanieleza la pili, ambalo wewe hukunieleza. Kwamba ulitaka kila kapteni wa Njiwa atakayeshushwa abaki na mshahara wake mpaka atakapopanda tena. Wakubwa wa shirika wakasema fedha hakuna. Ukawaambia itoke kwenye nyongeza ya makapteni wakongwe wa Kipanga, waanze na yako. Elifuraha anasema wenzako walikununia, lakini mikono waliinua.

Alipoondoka nikampigia Ronald. Akasema, "Mshahara si umeuona haujapungua? Ulidhani ni nani?"

"Nilidhani ni Mungu."

"Basi Mungu huwatuma hata Wakibosho."

Wifi, asante. Sitaandika kwamba umenipa nilichotaka, maana hukunipa. Ronald yuko Mtwara na mimi bado nalala jicho moja. Lakini ulikataa kunipa kitu cha mtu mwingine, na cha kwako ukakitoa bila kupiga tarumbeta. Kwa hilo la tarumbeta nimekukasirikia kidogo. Siku nyingine sema. Nimenuna miezi mitatu na ushei, na kununa huku unanyonyesha ni kazi mbili.

Sasa naomba ndoo yangu. Na sitaki iletwe na kondakta.

Wifi yako,
Mama Davis


Soweto, Moshi
6 Septemba 2025

Mpendwa Dada,

Leo sikuulizi hali kwa sababu naiona. Umelala kwenye kochi mchana kweupe, mdomo wazi, Evelyn kifuani, na yeye mdomo wazi. Mgongo wako nadhani utalalamika ukiamka. Mimi nimekaa hapa mezani naandika, na barua hii naificha ndani ya ndoo, chini ya ndizi mshare, uikute ukishafika Tabata. Mdomoni haya siwezi, utaanza kunitania.

Davis anasimulia mtaa mzima siku uliyofika. Umeshuka kwenye teksi na sare yako, kofia kichwani, ndoo ya mfuniko wa buluu mkononi kama mtu anayetoka kisimani. Akakukimbilia, "Shangazi, unatoka Mtwara?" Ukamwambia, "Hapana baba, natoka kuombwa." Mimi nikaipokea ile ndoo, nikaona ni nyepesi. Nikafungua. Pakiti moja ya chumvi. Basi. Nilicheka mpaka maziwa yakalowesha blauzi.

Umetupatia likizo yako tena. Umepanda Kibosho kumkanda Mama magoti. Umembeba Evelyn kwa kanga ile uliyoituma pamoja na korosho. Juzi nililala mpaka jua likaingia dirishani, nikaruka kitandani nikidhani mtoto amepatwa na jambo kwa kutolia. Nikakuta umemfunga mgongoni, unakoroga mtori, unamfundisha Davis majina ya mawingu. Nikarudi kulala, Dada. Sikumbuki lini nilirudi kulala.

Ronald anasema Januari wanachagua vituo upya. Anaweza kurudi KIA, anaweza asirudi. Elifuraha yuko mbele yake, na ni haki yake. Neno hilo nimelijaribu mdomoni mara kadhaa nikiwa nafua, na sasa linatoka bila kuuma. Kesho Jumapili Elifuraha anakuja na wanawe kula hapa. Ameambiwa asilete mikate, alete mikono.

Asante kwa kile kiti ambacho hukutupatia. Mwanangu Evelyn akija kuwa rubani, au akiwa chochote, akizaa asipitwe.

Chumvi nimetia nusu kwenye mtori wa leo. Nusu nimeirudisha humo ndani, iko chini ya maparachichi. Usiirudishe ndoo upesi. Ikae juu ya friji mpaka likizo yako nyingine. Kondakta nimeshamwambia asiipokee.

Mdogo wako,
Kindness