Balozi wa Nchi Gani

Kasekese,
12 Januari 2025

Baba, shikamoo.

Huku tupo, tunasukuma siku. Mvua inanyesha kwa hasira, mahindi yamefika kiunoni. Mkweo Masunga bado yuko porini na ng'ombe, lakini salamu zake nakupa kabla hajazituma. Mgongo wako je? Ile dawa ya kuchua bado ipo? Mjukuu wako Agape anacheza, anakula, ila kifua hakijamwachia. Ana miaka mitatu na sauti kama ya mzee wa kanisa. Zahanati wanasema ni moshi wa jikoni. Sasa mimi nitapikia wapi, baba, juu ya mti?

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako anashika mama mdogo Spès, na akipokea anaweka spika soko zima la Kashaulili lisikie. Hili si la soko.

Jumanne walikuja watu wa shirika linaloitwa Pumzi Njema. Wanasema wanapigana na moshi. Wanagawa majiko ya bati ya kuchoma mkaa wa vidonge, ule wa pumba za mpunga. Unapewa bure. Unachotakiwa ni kusaini kwamba utaliweka ndani na mafiga utayavunja. Dada anayewaongoza anaitwa Jeniffer. Alisema, "Halina moshi kabisa. Mvua ikinyesha funga mlango, funga dirisha, pika kwa raha na mtoto wako pembeni." Jirani yangu Bernadetha alisaini kabla dada hajamaliza sentensi.

Halafu wakatupa kijitabu chenye picha za bodi yao, ili tuwaamini. Nikafungua ukurasa wa pili, nikakuona wewe.

Baba, umevaa koti. Koti lile nalijua, ni la mteja, ulikuwa unalipunguza mikono nilipokuja Desemba. Na chini yake wameandika hivi, nanakili neno kwa neno: "Mheshimiwa Balozi Didace, balozi mstaafu, ana uzoefu wa miaka kumi na tisa katika kusuluhisha migogoro na kulinda uhusiano mwema."

Wanawake wote wakanigeukia. "Kumbe wewe mtoto wa balozi! Alikuwa balozi wa nchi gani?" Nikasema nitamuuliza.

Nijuavyo mimi ulikuwa balozi wa nyumba kumi kule Katumba. Ulikuwa unagonga milango kuuliza nani kalaza mgeni bila kutoa taarifa, na mgogoro mkubwa uliosuluhisha ulikuwa wa mbuzi aliyekula mihogo ya mjane. Au kuna jambo wanao hatukuambiwa?

Naomba unijibu. Ulikuwa balozi wa nchi gani? Na huyu Daktari Malale, ambaye picha yake iko juu ya yako, ni daktari wa nini? Na wewe, kwa macho yako, umeliona hilo jiko likiwaka ndani na mlango umefungwa? Mimi sijasaini.

Ni mimi binti yako,
Odeta

*

Kashaulili, Mpanda
21 Januari 2025

Mwana wanje Odeta,

Amahoro, amani kwenu. Barua yako kondakta wa basi aliniletea mpaka kwenye cherehani, nikaisoma na pini mdomoni. Mgongo wangu ni kama mgeni asiyeaga, tumezoeana. Mshike Agape kichwani kwa niaba yangu, na umchemshie majani ya mpera.

Sikumdanganya mtu. Jeniffer alikuja kushonesha sketi. Tukaongea. Nikamweleza mama yako alivyomalizwa na kifua baada ya miaka yote ile ya kukausha tumbaku kwenye bani, kile kibanda cha moto, moshi asubuhi, moshi jioni. Yule dada alilia hapa hapa dukani. Akasema wanatafuta wazee wa heshima kwa ajili ya bodi. "Mzee, historia yako ya uongozi ni ipi?" Nikamwambia, balozi, miaka kumi na tisa. Akaandika. Mimi nilijua kila mtu anajua balozi ni nani. Yeye kazaliwa nyumba yenye geti na mlinzi, balozi wa nyumba kumi atamjulia wapi?

Kijitabu kilipotoka nikaona neno "mheshimiwa" nikataka kusema. Siku hiyo hiyo yule bwana wa duka la jumla, ambaye miaka yote nikimsalimia anaangalia mizani yake, akasimama. "Shikamoo, Balozi." Nikaitikia marahaba. Ukishaitikia mara moja, mwanangu, ya pili inatoka yenyewe.

Koti nimelirudisha.

Sasa nisikilize. Jeniffer ananiambia nyumba thelathini hapo kwenu zinangoja kuona binti wa balozi atafanya nini. Usiniaibishe. Saini. Lile jiko limethibitishwa na Daktari Malale, mtu mzito. Mimi fundi cherehani nianze kumhoji daktari?

Baba yako,
Didace

*

Kasekese,
2 Februari 2025

Shikamoo baba.

Nashukuru kwa majani ya mpera, nimemchemshia, ameyatema yote kwenye gauni langu. Tunaendelea. Nimechoka kidogo, maana Agape hataki kulala mpaka nimbebe mgongoni, na mtoto wa miaka mitatu mgongoni ni gunia. Lakini sijachoka kuuliza.

Masunga amerudi. Nikampa kijitabu aangalie picha. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Huyu si Dakta Malale wa josho! Amechanja ng'ombe wetu tangu marehemu mzee yupo. Mama Agape, huyu ni bwana mifugo." Nikamwambia wameandika daktari. Akasema, "Sasa sisi wote si tunamwita daktari? Basi na mimi niwekeni. Mchungaji Masunga, uzoefu miaka ishirini, waumini mia na hamsini, na hakuna hata mmoja anayesinzia ibadani."

Nilicheka na mimi. Kisha kicheko kikaisha, nikabaki na jiko.

Sikiliza, baba. Bernadetha alikuwa na kuku anaatamia kwenye kona ya jikoni. Juzi mvua ilinyesha tangu asubuhi, akapika maharage kwa lile jiko, mlango kafunga kama alivyoambiwa. Kichanga chake kilikuwa kwa bibi yake. Alipotoka kwenda kuchota maji na kurudi, kuku kafa. Hakuanguka, hakutapatapa. Kafa ameketi, mabawa juu ya mayai. Bernadetha anasema ni kideri. Mimi nimeona kuku wa kideri maisha yangu yote, anazungusha shingo, anaharisha kijani. Huyu alikuwa kama amesinzia. Na Bernadetha mwenyewe alishinda na kichwa kinamgonga.

Moshi wetu wa kuni tunaujua. Unakuuma macho, unakohoa, unatoka nje. Huyu kuku hakuumwa na kitu. Kisichouma ndicho ninachokiogopa.

Umenijibu habari za koti na za mizani. Hukunijibu swali la mwisho. Umeliona likiwaka ndani, mlango umefungwa, au hujaliona? Ndiyo au hapana, baba. Nyie kwenye bodi kuna hata mmoja aliyeliona?

Binti yako anayekupenda,
Odeta

*

Kasekese,
19 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Siku kumi na saba sijaona barua. Kondakta ameapa kwamba yangu alikupa mkononi, na kwamba ulisoma ukaikunja ukaiweka chini ya kile kitambaa cha suruali. Kwa hiyo unaumwa au unanikwepa. Kama unaumwa nisamehe kwa ninayoandika.

Jumatatu mchana mvua ilitufungia. Nilisikia sufuria ya Bernadetha inanuka kuungua, nikamwita juu ya uzio, kimya. Nikaita tena. Nikapiga mlango, nikausukuma kwa bega. Hakukuwa na moshi, baba. Hewa ilikuwa safi kabisa, ungeweza kusoma barua mle ndani. Bernadetha amelala sakafuni, mwiko mkononi, na kichanga mgongoni kwenye khanga, kichwa kimeanguka pembeni. Niliwavuta mpaka kwenye matope. Masunga alipakia wote wawili kwenye pikipiki na mimi katikati nimewashika, tukaenda hivyo kwenye mvua hadi kituo cha afya. Waliwekewa hewa ya mtungi. Wako hai. Mtoto alilia jioni, na sijawahi kusikia kilio kizuri namna ile.

Nesi aliniuliza kama walikuwa wamefungia jiko ndani. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nani kawaambia wafunge.

Bernadetha alipopata sauti hakunishukuru. Alinitazama akasema, "Si baba yako, balozi, alisema ni salama?"

Swali hilo nimekuja nalo kwako.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia wafungue milango. Wengine wamenisikia. Wengine wanasema nina wivu kwa kuwa sikupewa, na mmoja kaniuliza nimesoma wapi mpaka nimzidi daktari. Nina darasa la saba, baba. Nyie mna koti.

Jumamosi tarehe moja Machi Pumzi Njema wana mkutano hapa, watagawa majiko mengine arobaini. Jina lako lipo kwenye tangazo. Njoo kama ulivyo, au usije kabisa.

Odeta

*

Kashaulili,
24 Februari 2025

Mwana wanje,

Sina salamu ya kukupa inayotosha. Naomba tu kujua, Agape anapumua vizuri? Na kile kichanga?

Nilikuwa nakukwepa. Nilisoma habari ya kuku nikajua. Balozi anayejua kazi yake akisikia kuku kafa ameketi, anakwenda kugonga mlango. Mimi niliweka barua chini ya suruali ya mtu.

Hapana. Sijawahi kuliona likiwaka ndani. Nililiona juu ya meza ofisini kwao, jipya, lina utepe.

Jana nilikwenda kwa Malale nyumbani kwake. Ni mzee mpole, ana mbwa watatu. Nikamwambia, daktari, ulilithibitisha vipi jiko? Akawafukuza mbwa uani. Kisha akaniambia, "Balozi, nikuambie kweli. Mimi nilisaini kwa sababu nilikuta umeshasaini wewe. Nikasema huyu mtu kaishi nchi za watu, ameona majiko ya Wazungu, hawezi kudanganyika."

Odeta, na mimi nilisaini kwa sababu Jeniffer aliniambia daktari atasaini.

Tulikaa pale tunatazamana kama watu wawili waliokuja kwenye harusi kila mmoja akidhani mwenzake ndiye ndugu wa bwana harusi.

Nitakuja. Malale atakuja pia. Usimwambie mtu.

Didace

*

Kasekese,
5 Machi 2025

Baba yangu, shikamoo.

Umeondoka na basi la saa nane bila kunywa hata uji, na mimi nilikuwa nimekaanga dagaa wako. Mama mdogo Spès amepiga kuniambia umeandika barua ya kujiuzulu, na soko zima sasa linajua.

Nakuandikia uichane barua hiyo.

Nisikilize kwanza nikuambie nilichokiona, kwa sababu wewe ulikuwa unaangalia chini. Jeniffer aliposema, "Namkaribisha Mheshimiwa Balozi," ukasimama na futi yako ya kupimia shingoni, nilifunga macho. Ukasema, "Mimi ni balozi wa nyumba kumi. Nchi yangu ilianzia kwa mzee Callixte ikaishia kisimani." Wanawake walicheka, ndiyo. Yule aliyeniita mwenye wivu alicheka kuliko wote. Lakini uliposema, "Kazi ya balozi ni kugonga mlango, na mimi sikugonga, na mtoto wa Bernadetha alikaribia kufa kwa jina langu," nani alicheka? Halafu Malale akainuka na fimbo yake: "Mimi ni daktari wa ng'ombe. Na hata ng'ombe sijawahi kumfungia ndani na moto." Majiko arobaini yalirudi kwenye gari bila kushushwa.

Kisha ukaanza kugonga. Nyumba ya kwanza walikufungulia kwa aibu, ya tano walikuwa wanakungoja mlangoni na jiko wameshalitoa nje. Nilihesabu, baba. Hukuishia kumi.

Sasa mvua ikianza mtu mmoja anapiga kelele, "Balozi kasema milango wazi!" na wengine wanaitikia huku wanacheka. Wanakutania, lakini milango iko wazi. Bernadetha bado hasemi na mimi sana. Jana alinitumia mtoto nimbebe, nadhani ndiyo salamu.

Agape anakohoa. Mafiga yangu yapo pale pale na moshi wake ndio ule uliomwondoa mama. Masunga amebomoa ukuta juu, upande wa upepo, sasa moshi una pa kutokea. Jiko lile majirani wanaliwasha barazani, na likiwa nje halina neno. Kwa hiyo hili jambo halijaisha, na wewe unataka kukimbia? Waliokaa kwenye ile bodi bila kujua jikoni kwa mtu kunafananaje wapo wengi. Wewe milango unaijua. Ukiondoka wataweka nani? Mwingine mwenye koti.

Na jambo la mwisho, ndilo lililonifanya niandike leo na si kesho. Jana Jeniffer amerudi, peke yake, macho yamemvimba. Anasema amekosa, wanataka mama wa kijijini kwenye bodi, na wanawake wametaja jina langu. Sijui kama ni toba au ni picha nyingine ya kijitabu. Alitoa daftari. "Dada Odeta, historia yako ya uongozi ni ipi?" Nikasema sina. Akasema haiwezekani, fikiria. Nikamwambia niliwahi kuwa monita darasa la sita. Akatabasamu, akaandika. Akaandika muda mrefu, baba, kuliko neno monita.

Nikamwambia, nisomee.

Alikuwa ameandika: "Kiongozi tangu utotoni, mtafiti wa sumu za hewa."

Nikamwambia futa. Andika, mama wa Agape, wa Kasekese, aliona kuku wa jirani amekufa ameketi, akauliza.

Akafuta. Nilimweka Agape chini, nikasimama pale pale mpaka alipomaliza, kisha nikamwambia anisomee tena.

Binti wa balozi,
Odeta