Siku Niliponyamaza Kadhi Akichaguliwa

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Bawshar sote wazima, ila goti langu halinitii. Mamako anakusalimu.

Unaniuliza, maadamu umeombwa rai juu ya huyo anayetakiwa kuwa hakimu mjini kwenu, useme unayoyajua au unyamaze.

Ujanani Unguja, mtaa wetu uliulizwa hivyo juu ya kadhi mpya. Nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu akimuahidi mtu hukumu kabla ya kesi.

"Nani ana neno?" akauliza mzee wa mtaa.

Nikainama.

Mwaka uliofuata dada yangu akaachwa. Kadhi yule akampa mume watoto wote, kwa urafiki wao.

"Wewe ulimjua alivyo?" dada akaniuliza.

"Nilimjua."

Hakusema nami tena mpaka akafa.

Nnakuombea kheri.

Babu yako